Judo: anayebwagwa kila siku ananufaika na nini?

mkanda_mweupe
Wakuu, habari za jioni. Nimeanza judo juzijuzi hapa Unguja. Ukutani kwetu pameandikwa *jita kyoei*, na mwalimu katwambia maana yake mimi na mwenzangu tustawi pamoja. Sawa. Sasa kuna kaka mmoja wa mkanda wa kahawia, kilo 90 na ushei, mimi nina 60. Kila randori (pambano la mazoezi) ananibwaga kama gunia la karafuu, halafu anacheka: "Ndo utajifunza." Bega limeanza kuuma. Nauliza kwa nia njema, hapo manufaa yangu yako wapi?

mzee_wa_tatami
Pole ya bega, mdogo wangu. Akikubwaga tena, mwangalie mkono. Je, anaishika gi yako, yaani vazi la judo, hadi mwisho? Anayeijua judo, ukishang'oka chini, hakuachii. Anakuvuta juu kidogo kwa mkono wa nguo, wewe unashukia ubavu, mkono wako wa pili unapata nafasi ya kupiga mkeka, kichwa kinasalimika. Ni kufumba na kufumbua, lakini jita kyoei yote imo humo. Akikuachia hewani, au akikuangukia na uzito wake wote, huyo anafanya mazoezi ya kuangusha vitu, na wewe ndiye kitu.

Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, kwenye hekalu la Eishoji kule Tokyo, alikuwa na mikeka 12 tu. Mapigo ya hatari akayaweka kwenye kata, yanakofanywa kwa mpangilio. Kwenye randori akabakisha yale ambayo watu wawili wanaweza kujaribiana kwa nguvu zote na kesho wakarudi. Kwa hiyo huyo kaka asidhani kukulinda ni hisani. Bila hivyo atabaki hana wa kufanya naye mazoezi.

Kuhusu kilo: Kano naye alikuwa mdogo wa umbo. Akiwa bado anajifunza jujutsu, mchezo wa Kijapani uliozaa judo, kulikuwa na pande la mtu, Fukushima, hakuliweza kabisa. Akatafuta mbinu kwenye sumo, hazikumsaidia. Akapekua vitabu vya mieleka ya Kizungu maktabani, akatoka na namna ya kumbeba mtu mabegani, ndiyo kata-guruma ya leo. Akambwaga! Mkubwa ana faida kwako, basi, ila awe mkubwa unayeweza kumrudia ukiwa mzima.

chumvi_kidogo
Mzee umenena, lakini tusimpake kijana mafuta kwa mgongo wa chupa. Kauli hiyo ya jita kyoei Kano aliitangaza 1922. Miaka ya 1930 judo hiyohiyo ikatumika kwenye skuli za Japani kuwaandaa vijana kwa vita. Japani iliposhindwa, Wamarekani wakaipiga marufuku maskulini, ikarudi 1950. Maandishi ya ukutani yalimzuia nani?

mzee_wa_tatami
Hapo sikubishii. Kano mwenyewe alifia melini Mei 1938 akirudi kutoka mkutano wa Kamati ya Olimpiki uliofanyika Cairo. Alikwenda kutetea Tokyo iandae michezo ya 1940, na huku jeshi la nchi yake liko vitani China. Miezi miwili baadaye Japani yenyewe ikaiacha michezo. Ndiyo maana nimemwambia atazame mkono.

bibi_wa_ushi_waza
Nyie wanaume mnaandika historia, mtoto bega linamuuma. Mdogo wangu, kabla hamjashikana mwambie: "Kaka, bega la kulia bovu, leo nibwage kushoto." Akikubali, cheza naye, utajifunza mengi kwake. Akicheka tena, inama, mshukuru, tafuta mwenzio mwingine. Randori halazimishwi mtu. Na mwalimu mwambie leoleo, usingoje mpaka mkono ushindwe kuinuka. Mimi mwenyewe nina kilo 52 na wapo wa 80 ninaocheza nao kila wiki, kwa sababu nikipiga mkeka mara mbili, ishara ya kusalimu amri, wanaachia papo hapo. Asiyeachia sichezi naye, hata awe na mkanda mweusi.