repe cmpsb inasema "sawa" wakati herufi ya mwisho ni tofauti

mwanzo_asm:
Wakuu, nalinganisha nenosiri kwenye x86-64, kwa assembly ya NASM (repe cmpsb hulinganisha baiti moja moja, rcx ikihesabu zilizobaki):

    mov rsi, neno1
    mov rdi, neno2
    mov rcx, 8
    repe cmpsb
    jrcxz sawa

"karatasi" na "kiberiti" zinatoka tofauti, safi. Ila "karatasi" na "karatasa" zinatoka sawa! Kosa liko wapi?

rejista64:
Mkuu, unamuuliza shahidi asiyehusika. repe husimama kwa mojawapo ya mambo mawili: rcx imeisha, au ZF (bendera inayokuwa 1 baiti zikilingana) imekuwa 0. Kwako tofauti iko kwenye baiti ya 8, na rcx hupunguzwa hata kwenye mzunguko huo, kwa hiyo imefika 0 papo hapo. jrcxz huruka rcx ikiwa 0 tu, haitazami bendera kabisa. Weka `je sawa`, inayoruka ZF ikiwa 1.

Kama kuna mahali umetumia std (inayoweka DF, bendera ya mwelekeo, kuwa 1), tanguliza cld inayoirudisha 0. DF ikiwa 1, rsi na rdi zinarudi nyuma.

baiti_tupu:
Kuna shimo jingine: urefu ukiwa 0, cmpsb haitekelezwi hata mara moja, na ZF inabaki ya agizo lililotangulia. mov haigusi bendera, kwa hiyo jibu litakuwa la bahati nasibu. Andika `cmp rcx, rcx` kabla ya repe. Inaweka ZF kuwa 1.

Ukitaka kujua ni baiti ipi imetofautiana, soma [rsi-1] na [rdi-1], maana rejista zote mbili zimeshaipita. Kwa kupanga kialfabeti tumia ja na jb (kubwa na ndogo, bila alama ya hasi). jg na jl zitahesabu baiti za UTF-8 zilizozidi 127 kuwa hasi.

mwanzo_asm:
je imekubali, asanteni. Nikitumia cmpsq niende baiti 8 kwa mpigo?

rejista64:
Kwa usawa tu, sawa: rcx iwe urefu kugawa kwa 8, masalio umalizie na cmpsb. Kwa kupanga, hapana. Herufi ya kwanza inakaa kwenye baiti ya chini kabisa ya namba, hivyo herufi ya nane ndiyo itakayoamua.

Ukitaka kasi hasa, achana na repe: movdqu (pakia baiti 16), pcmpeqb (zilinganishe zote kwa pamoja), kisha pmovmskb (kusanya matokeo kuwa barakoa, biti moja kwa kila baiti). Barakoa ikiwa 0xFFFF, baiti zote 16 zimelingana.

baiti_tupu:
Na kwa kuwa ni nenosiri, repe haifai hata ikiwa sahihi. Inasimama kwenye tofauti ya kwanza, kwa hiyo anayepima muda anaweza kubahatisha herufi moja moja. Zungusha baiti zote: xor kila jozi, kusanya kwa or kwenye al, mwishoni `test al, al`.