Mjadala: Mombasa ifungue benki ya kinyesi kwa wagonjwa wa utumbo, au bado?

Mwenye hoja
Jamani, hili tuliweke mezani bila kuoneana haya. Kupandikiza kinyesi ni kuchukua choo cha mtu mwenye afya, kukikoroga na salaini (maji ya chumvi), kukichuja, kisha kumwingizia mgonjwa utumboni ili bakteria wema washike nafasi ya waliofagiliwa. Uingereza, taasisi ya NICE, inayoshauri matibabu, iliikubali tiba hii mwaka 2022 kwa mgonjwa aliyekwisha kuugua C. diff (bakteria wa utumbo anayeleta kuharisha kukali) mara mbili au zaidi na ikamrudia tena. Marekani wamesajili dawa mbili za kinyesi: Rebyota, Novemba 2022, mililita 150 za kuingizwa kwa njia ya nyuma, na Vowst, Aprili 2023, kapsuli nne kwa siku kwa siku tatu. Je, hospitali kubwa za Mombasa zianze huduma hii na benki yake, au tungoje? Kinyaa tukiache mlangoni.

Mfamasia wa Makupa
Zianze. C. diff ni ugonjwa tunaoutengeneza wenyewe dukani. Mtu akohoa siku mbili, apewa antibayotiki. Wiki ijayo aharisha, aongezwa nyengine. Bakteria wema ndio wanaozigeuza asidi za nyongo ziwe za aina inayoizuia C. diff isiote. Wakifa, spora, yaani mbegu ngumu za C. diff, zaamka. Vankomaisini, dawa ya C. diff, yamuua mdudu lakini haiziui spora, na kwa kuwa yenyewe ni antibayotiki, yaliacha shamba tupu kama ilivyolikuta. Ndio maana mgonjwa apona siku kumi, kisha arudi pale pale.

Jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2013 lasema lenyewe: kati ya wagonjwa 16 waliopewa kinyesi, 13 walipona kwa dozi moja, na wawili zaidi baada ya dozi ya pili kutoka kwa mtoaji mwengine. Waliopewa vankomaisini tu walipona 4 kati ya 13. Jaribio likakatizwa kabla ya wakati, maana matokeo yalikuwa wazi. Wala si jambo la juzi, Eiseman na wenzake wa Denver waliliandika mwaka 1958. Na malighafi yake, haina bei!

Maabara, Tudor
Malighafi haina bei, ndugu, lakini kujua kilichomo ndani ndiko kwenye bei. Damu ya mtoaji yapimwa HIV, homa ya ini A, B na C, kaswende na virusi vya HTLV. Choo chapimwa Salmonella, Shigella, Campylobacter, C. diff yenyewe, E. koli ya sumu ya Shiga, Giardia, Cryptosporidium, amiba, norovirusi na rotavirusi. Benki ya OpenBiome kule Massachusetts ilikuwa ikiwakubali chini ya asilimia 3 ya watu waliojitolea. Hebu fikiria ni wangapi watabaki hapa, ambapo antibayotiki yanunuliwa kama peremende.

Maana hatari kubwa haionekani kwa macho wala kwa hadubini. Juni 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo: wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipewa kinyesi cha mtoaji mmoja, wakapata E. koli yenye ESBL, kimeng'enya kinachovunja antibayotiki, na mmoja akafariki. Kinyesi kile hakikuwa kimepimwa bakteria sugu. Mtoaji mwenyewe alikuwa mzima, hana hata kuumwa na tumbo.

Kipimo hicho hapa kwetu chawezekana, tusidanganyane. Pandikiza choo kwenye agari ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, iliyotiwa antibayotiki ya sefotaksimi, acha kwenye inkubeta usiku kucha nyuzi 35 hadi 37. Kikiota kitu, chukua kidoa kimoja, weka diski mbili, ya sefotaksimi peke yake na ya sefotaksimi na klavulaneti, inayokizuia kimeng'enya hicho. Duara lisiloota kitu kuzunguka diski ya pili likizidi la diski ya kwanza kwa milimita 5 au zaidi, hiyo ni ESBL, na mtoaji huyo aende na salama. Amiba ndiyo kazi. Kwa hadubini, Entamoeba histolytica inayochimba utumbo na Entamoeba dispar isiyo na madhara ni kama mapacha, huwezi kuwatenganisha kwa vifuko peke yake. Yahitaji kipimo cha antijeni (protini za mdudu) au PCR (kipimo cha vinasaba). Maabara ngapi hapa mjini zafanya hivyo kila siku?

Mtu wa Likoni
Kwani lazima benki? Ndugu wa mgonjwa si atoe, na blenda ipo jikoni. Mbona mwafanya mambo kuwa marefu?

Muuguzi wa endoskopi
Kaka wa Likoni, hiyo blenda yako yaua dawa kabla haijamfikia mgonjwa. Wengi wa bakteria tunaowataka ni wale wasiostahimili hewa, na blenda yapiga povu, yaani hewa tupu. Na huyo ndugu anakula sufuria moja na mgonjwa, huenda naye ana C. diff bila dalili. Tena ndugu huona haya kukataa, na huona haya zaidi kusema mambo yake ya siri anapoulizwa maswali ya HIV mbele ya familia.

Hospitalini kazi huenda hivi. Choo kisizidi saa sita tangu kitolewe mpaka kiwe kimeandaliwa. Gramu 50 zakorogwa taratibu na mililita 150 hadi 200 za salaini ya asilimia 0.9, ndani ya mfuko wenye kichujio, makapi yabaki upande mmoja. Usipochuja vizuri mfereji wa kolonoskopi, mpira wenye kamera uingiao utumbo mpana, waziba, na hapo kazi imesimama, mgonjwa yuko mezani. Cha kuhifadhi chatiwa gliseroli ifike asilimia 10, chaenda kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kuyeyusha ni kwenye maji ya nyuzi 37. Maji ya moto hapana, mikrowevu hapana, na kilichoyeyuka hakirudishwi kwenye friza.

Mgonjwa aache vankomaisini saa 24 hadi 48 kabla, la sivyo dawa iliyobaki utumboni itawaua wageni mlangoni. Aoshwe utumbo kwa maji ya poliethilini glikoli. Ukipitia kolonoskopi, mwaga upande wa kulia wa utumbo mpana, kisha loperamaidi ili asikimbilie choo mara moja. Ukipiga bomba, alale ubavu wa kushoto na azuie nusu saa angalau. Wengi hushindwa hapa, hasa wazee, misuli ya nyuma imelegea, na nusu ya dozi yaishia kwenye shuka. Mpira wa kupitia puani nauogopa zaidi: mgonjwa akitapika, kile kitu chaingia mapafuni. Lazima akae wima, na anayetapika tayari asipewe kwa njia hiyo.

Jambo moja watu husahau: jeli ya spiriti haiui spora. Mikono ni sabuni na maji, sakafu na choo ni jiki.

Daktari wa utumbo
Nimesoma yote, nakubali mengi. Ila naona mjadala umechanganya wagonjwa wa aina mbili, na wengi wanaouliza tiba hii mjini si wa C. diff. Ni wa kolaitisi ya vidonda na wa Crohn, magonjwa ya muda mrefu ya uvimbe wa utumbo, wamesikia kwamba bakteria ndio chanzo na ndio dawa.

Kwa kolaitisi ya vidonda, jaribio la Australia la 2017 lilipata nafuu kamili kwa 11 kati ya 41, dhidi ya 3 kati ya 40 waliopewa dawa bandia. Inavutia, lakini angalia kazi yake: siku tano kwa wiki, wiki nane, kila dozi imechanganywa kutoka kwa watoaji watatu hadi saba. Dozi arubaini za nyumbani baada ya ile ya kolonoskopi! Lile la Uholanzi la 2015 halikupata tofauti ya maana. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa utumbo cha Marekani kikashauri tiba isitumiwe kwa kolaitisi, kwa Crohn wala kwa tumbo la wasiwasi (IBS), isipokuwa ndani ya utafiti. Mimi nasimama hapo hapo.

Na kwetu Pwani kuna mtego wa ziada. Amiba yaweza kuiga kolaitisi ya vidonda hata mbele ya kamera, na kifua kikuu cha utumbo chaiga Crohn. Mtu mwenye amiba ukimpa prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, ukidhani ni kolaitisi, utumbo waweza kutoboka. Sasa mtu huyo huyo uje umtie kinyesi cha mwengine? Kwanza biopsi (kipande cha utumbo kipimwe), kwanza kutafuta amiba na TB.

Hata C. diff yenyewe tunaipima vibaya. Choo kilichoshikana kisipelekwe maabara. Kipelekwe kile kinachochukua umbo la kikopo, kwa mgonjwa anayeharisha mara tatu au zaidi kwa saa 24 na ambaye hakunywa dawa ya kulainisha choo siku mbili zilizopita. PCR peke yake ikisema ndiyo, huenda ni mtu aliyembeba mdudu bila kuugua. Yatakiwa kupima GDH, kimeng'enya cha mdudu, pamoja na sumu yake. Na aliyepona asipimwe tena, atabaki na majibu ya ndiyo kwa wiki kadhaa na utamtibu bure.

Mfamasia wa Makupa
Daktari, kwa Crohn sibishani. Lakini ukisema tungoje, yule wa C. diff iliyorudi mara ya tatu angoje nini?

Daktari wa utumbo
Angoje vankomaisini apewe sawasawa! Yaandikwa ya mshipa, na ya mshipa haifiki ndani ya utumbo mpana kwa kiasi cha kutibu. Chukua kichupa cha miligramu 500 cha sindano, yeyusha kwa mililita 10 za maji, mnyweshe mililita 2.5, hiyo ni miligramu 125, mara nne kwa siku, siku kumi. Kichupa kimoja siku moja. Akirudiwa, punguza pole pole kwa wiki kadhaa. Metronidazoli tuiachie amiba. Akishindwa na hapo, basi nipo nawe, apandikizwe.

Mwanafunzi wa fiqhi (sheria ya Kiislamu), Mji wa Kale
Hapa mjini swali la pili litakuwa la najisi, tusilikwepe. Kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea kwetu, kujitibu kwa najisi isiyokuwa pombe kwaruhusiwa pakikosekana dawa twahara (safi) na tabibu muaminifu akithibitisha. Kwa hivyo maneno ya daktari kwamba vankomaisini itangulie yana uzito hata kwenye fiqhi: dawa twahara ikiwepo na ikitibu, ruhusa haijafika. Kusema kapsuli imebadilika ikawa kitu chengine ni hoja dhaifu kwa Shafi, maana mlango huo ni mwembamba kwao. Bomba mchana wa Ramadhani hufunguza, lakini mgonjwa wa hali hii ana ruhusa ya kula na atalipa. Na aambiwe wazi ni nini anachoingizwa. Kumfichia hapana.

Mwenye hoja
Shukran, Shekhe. Bado nataka kujua: nani asimamie? Ikihesabiwa dawa, kama Marekani, itaangukia Bodi ya Famasia na Sumu. Ulaya wameiweka pamoja na damu na tishu, kwa sheria ya 2024 itakayoanza kutumika 2027. Na stima ikikatika, friza je?

Maabara, Tudor
Mimi nachagua njia ya damu na tishu, kwa sababu watu wa damu wamezoea kumfuatilia mtoaji kwa namba mpaka kwa mgonjwa. Friza iwe na jenereta na kengele ya joto inayolia kwa mtu aliye zamu, si kwenye chumba kilichofungwa.

Lakini hata kabla ya friza, kuna karantini. Mtoaji apimwa siku ya kwanza, atoa choo kwa wiki nane hadi kumi na mbili, kisha apimwa upya damu na choo. Mpaka majibu ya pili yatoke, hakuna hata mfuko mmoja unaotoka. Asiporudi kwa kipimo cha pili, kwa kusafiri au kwa kuchoka, yote aliyotoa yachomwe. Mfamasia, hapo ndipo piga hesabu yako ya bei.