Naomba ushauri: msumeno wa umeme wa bei ya chini kwa useremala wa kupenda tu, nianze na upi?

Mwanafunzi wa Mbao:
Wakuu habari zenu. Mi sio fundi wa kazi, useremala naufanya jioni na wikendi kwa kuupenda tu, mpaka sa hivi natumia msumeno wa mkono, randa na patasi basi. Stuli, visanduku, fremu za picha zinaenda vizuri ila nikifika kwenye plaiwudi ndo mkono unachoka na mstari unapinda, na sa hivi nataka nitengeneze shelfu ya vitabu na kabati, vyote vinataka vipande virefu vilivyonyooka na vinavyolingana. Bajeti ni ya mashine moja, tena ya daraja la chini. Kila ninayemuuliza ana lake, mmoja ananiambia jigiso (ule wa kibledi chembamba kinachopanda na kushuka), mwingine anasema chukua msumeno wa meza hata ule mdogo, mwingine anasema funga diski ya meno kwenye grenda maana grenda ninayo tayari. Sehemu ya kufanyia kazi ni kibaraza tu, nikimaliza natakiwa niondoe kila kitu. Naombeni mnishauri pamoja na sababu, nataka nielewe sio ninunue tu.

Randa na Patasi:
Mkuu hilo la grenda lifute kabisa kichwani kabla hatujaongea mengine. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika wakati msumeno wa duara wa mkononi, ule wa bledi ya mviringo, uko kwenye 5,000 hivi, na ukiacha spidi, grenda haina bamba la chini la kulala juu ya mbao na kava yake haifuniki meno, sasa meno yakiuma mbao ghafla inaruka na uso wako au shingo ndo viko karibu. Kuna watu wameumia vibaya sana kwa hiyo kitu na wapo waliopoteza maisha. Aliyekwambia hajakutakia mabaya ila amekosea sana, grenda iache kwenye chuma.

Kwa kazi ulizotaja chukua msumeno wa duara wa mkononi. Plaiwudi nzima ni milimita 1220 kwa 2440, hiyo huwezi kuisukuma peke yako juu ya kimeza kidogo ikaenda sawa, ni rahisi zaidi kuilaza plaiwudi ikatulia halafu msumeno ndo utembee. Na ukimaliza unauweka chini ya kitanda.

Mpenda Mikunjo:
Mi naitetea jigiso kidogo. Kwa mtu wa visanduku na fremu ina kazi nyingi sana, inakata kona za duara, inatoboa dirisha katikati ya ubao, haitishi na hailii kama duara. Ilianzia kwenye cherehani, mwaka 1946 mhandisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla kule Uswisi alitoa sindano akafunga kibledi cha msumeno, mpaka leo ndo inavyofanya kazi, kupanda na kushuka. Ila lazima niseme ukweli, kile kibledi kimeshikwa juu tu, huku chini kiko huru, kwa hiyo kwenye mbao nene au ngumu kinajikunja, juu unaona mstari umenyooka ukigeuza chini umeenda pembeni. Kwa shelfu ndefu itakuchosha roho. Iwe mashine ya pili.

Fundi wa Jioni:
Msumeno wa meza nao niutolee maelezo maana ndo ndoto ya kila mtu. Ukiwa mzuri hakuna kinachoushinda kwa kuchana vipande vingi vya upana mmoja. Shida ni ule wa bei ya chini kabisa: meza nyepesi, na ile kingo ya kuegemezea mbao ukiifunga inahama kidogo, haikai sambamba na bledi. Hicho kidogo ndo hatari yenyewe, manake mbao inabanwa kati ya kingo na meno ya nyuma, na meno ya nyuma yanapanda juu, kwa hiyo yanainyanyua mbao na kuirusha kwako kwa nguvu zote. Ndo maana kuna kile kibamba cha chuma nyuma ya bledi cha kuzuia mbao isijifunge, kama unaona msumeno wa meza hauna hicho usiuguse hata ukipewa bure. Kwa kibaraza na bajeti ya mashine moja mimi pia nasema duara.

Mwanafunzi wa Mbao:
Asanteni sana, hilo la grenda nimelifuta. Sasa nikifika dukani nimepanga misumeno kadhaa ya duara mbele yangu, yote ya bei rahisi, najuaje upi unafaa? Wati ndo kigezo? Na mstari ulionyooka naupataje kama naushika kwa mkono? Halafu kuna wa betri na wa waya.

Randa na Patasi:
Wati zisikuzuzue, kwa plaiwudi na mbao za kawaida 1200 mpaka 1400 zinatosha. Cha kwanza angalia bamba la chini, lile la bati jembamba likianguka mara moja linapinda na halirudi, tafuta la alumini au bati nene, uliweke juu ya kioo au meza iliyonyooka uone kama linacheza. Nenda na skwea yako (kile kipimo cha kona ya mraba), kunja bamba mpaka kwenye 90 uangalie kama bledi imesimama wima kweli. Plagi ikiwa imetolewa shika bledi utikise kulia kushoto, ikiwa na mchezo rudisha kabatini. Kava ya chini ivute uiachie, lazima irudi yenyewe haraka bila kukwama, hiyo ndo inalinda paja lako. Halafu uliza kama kaboni za mota, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye mota, zinapatikana na zinabadilishwa kwa nje bila kufungua mashine nzima, maana kaboni ndo zinakwisha kwanza.

Saizi ya bledi chukua iliyo ya kawaida, kipenyo cha milimita 185 au 190, inakata kina cha kama milimita 65 ikiwa wima. Na tundu la katikati nalo lina saizi zake, 16, 20, 30, sasa ukinunua wenye saizi ya ajabu bledi za kubadilisha zitakutesa.

Betri ni raha ila kwa bajeti ndogo unalipia betri na chaja kuliko msumeno, kama umeme uko karibu chukua wa waya. Ekstensheni ya kuzungusha ifungue yote kabla ya kazi, ikibaki imejiviringisha inapata moto.

Vumbi la Mbao:
Mnaongelea mashine, mi naongelea bledi, manake mashine ya kawaida yenye bledi nzuri inaipita mashine ghali yenye bledi butu. Ile inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni ya meno 24, hiyo ni ya kuchana mbao kufuata nyuzi, kwenye plaiwudi inachana chana juu. Bakiza hela ya bledi nyingine ya meno ya kabaidi (ncha za metali ngumu sana), meno 40 kwa kila kazi au 60 ukitaka plaiwudi itoke safi, na spidi iliyoandikwa kwenye bledi isiwe chini ya ile ya mashine. Meno ya duara yanapanda kutoka chini kwenda juu kwa hiyo kunyofoka kunatokea upande wa juu, uso mzuri wa plaiwudi ulaze chini. Kina weka meno yatokeze milimita 5 hivi chini ya ubao, sio bledi nzima.

Na vumbi jamani! IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995. Vaa barakoa ya FFP2, ile inayochuja vumbi laini, sio kitambaa. Masikio nayo yazibe, huu msumeno unafika desibeli 100. Glavu vua, zinavutwa na bledi.

Fundi wa Jioni:
Kuhusu kunyoosha, tengeneza reli yako mwenyewe. Chukua plaiwudi nyembamba ya milimita 6 iwe kitako, juu yake gundisha kipande kilichonyooka kabisa, ukingo wa kiwandani ndo mzuri, acha kitako kimezidi upana wa bamba la msumeno. Gundi ikikauka pitisha msumeno ukiegemea kile kipande, unakata ziada ya kitako. Kuanzia hapo ukingo wa kitako ndo mstari wenyewe, unauweka kwenye alama, unabana kilampu mbili, unakata. Bledi ukibadilisha yenye unene tofauti tengeneza reli nyingine. Chini laza mbao kadhaa au shiti ngumu ya povu ili pande zote mbili zishikiliwe, ubao ukining'inia katikati unajifunga kwenye bledi na msumeno unakurudia. Na usisimame nyuma yake moja kwa moja, kaa pembeni.

Mwanafunzi wa Mbao:
Basi nimeamua, duara wa waya, 185 au 190, na bledi ya meno 40. Swali la mwisho, vipande vyembamba vya kuzungushia ukingo wa shelfu, sentimita 2 hivi, navichanaje na reli haina pa kukaa?

Fundi wa Jioni:
Reli ikae juu ya ubao mpana, kile chembamba ndo kiwe upande wa nje kinachobaki kulala kwenye povu. Weka alama ukikumbuka bledi inakula kama milimita 2 mpaka 3, alama ya kipande kinachofuata pima kuanzia ukingo mpya. Ubao wenyewe ukishabaki mwembamba kuliko reli acha hapo, chukua ubao mwingine. Na vile vifupi vya visanduku endelea na msumeno wako wa mkono, duara hauvifai.