Gari la turbo: gumzo la kikundi cha ukoo, Malindi

Mimi: Assalaam aleikum. Shikamooni wakubwa zangu. Nimeona gari dogo katika yadi moja hapa Malindi, injini ya cc 1,400 yenye turbo, gia ya otomatiki ya spidi saba yenye klachi mbili. Ni la mwaka 2017 na mita inasoma kilomita 68,000. Dalali anasema linakunywa mafuta kama pikipiki. Bei yake iko chini ya magari ya umri huohuo yasiyo na turbo, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

Mjomba wa Barani: Waaleikum salaam, marahaba mpwa wangu. Wasiwasi wako ni wa haki. Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja: moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa ndani, na katika injini ndogo kama hiyo mhimili waweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua au ikichafuka, mhimili hauna kingine cha kuuzuia usisagike. Kwa hivyo swali la kwanza si gari limekwenda kilomita ngapi, bali ni nani aliyelibadilisha oili, na kwa oili gani.

Shangazi wa Maweni: Kaka, lile gari lako la rangi ya fedha lilikuwa na ugonjwa huo?

Mjomba wa Barani: Ndilo hilo dada, na aina yake sitaitaja, kwa kuwa lawama nusu ilikuwa yangu. Siku moja natoka Mambrui, nilipofika daraja la Sabaki nikatazama kwenye kioo nikaona moshi wa buluu umeifunika barabara nyuma yangu. Fundi alifungua mrija wa oili unaoingia kwenye turbo, mwembamba kama kalamu, akanionyesha kwa tochi: ndani kulikuwa na ukoko mweusi, sawasawa na ule wa wali ulioungua chini ya sufuria, na tundu lililobaki lisingepitisha njiti ya kiberiti. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akichelewesha kubadilisha oili, nami nilikuwa nikitoka Mombasa kwa mwendo wa kasi, nikifika mlangoni nazima papo hapo, oili iliyobaki ndani ya turbo yenye moto ikakaangika. Turbo ya mkono wa pili, gasketi, mrija mpya, oili na ufundi vilinigharimu shilingi 130,000, na kwa wiki tatu nilipanda tuktuk.

Ami wa Lamu: Poleni. Huku Amu punda wangu hunywa maji ya kisima na moshi hatoi. Endeleeni, ninawasoma.

Binamu wa Changamwe: Shikamoo mjomba. Niongeze ninayoyaona hapa gereji. Turbo hulaumiwa zaidi ya inavyostahili, maana magari mengi ya namna hiyo yanayoletwa kwetu yana turbo nzima na maradhi yako kwingine. Injini hizi hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hivyo petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha kama zamani, na baada ya miaka hujaa masizi magumu hadi gari linatetemeka asubuhi na kukosa nguvu. Dawa yake ni kuvua bomba la hewa na kuzisafisha vali moja moja, kazi ya kutwa nzima. Watu hubadilisha plagi na koili mara tatu kabla ya kukubali kwamba tatizo ni masizi.

Mimi: Na mnyororo wa taimingi, ule unaofungua na kufunga vali kwa wakati wake? Nimesikia unavutika.

Binamu wa Changamwe: Inategemea injini. Kwa mfano, injini za cc 1,400 za kizazi cha kwanza za Volkswagen, zile za turbo wanazoziita TSI, zilikuwa na mnyororo na malalamiko ya kuvutika kwake yanajulikana. Kizazi kilichoanza kutoka mwaka 2012 kina mkanda. Ukiona injini ni ya mnyororo, sikiliza inapowashwa ikiwa baridi: mkwaruzo wa sekunde mbili tatu kama sarafu ndani ya kopo ni dalili mbaya, na injini ikishapata joto husikii kitu.

Binamu wa Changamwe: Lakini mimi kinachonitia hofu zaidi ni gia boksi yako. Zile za spidi saba za injini ndogo mara nyingi zina klachi kavu, yaani zisizopozwa kwa oili. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita yarudi gereji magari takriban milioni 1.6 ya gia ya namna hiyo ili oili ya sintetiki ya gia ibadilishwe, kwa kuwa iliweza kuleta hitilafu ya umeme, hasa katika nchi za joto na unyevu ambako gari husimama na kuondoka mara kwa mara. La kwako ni la baadaye, lakini joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu, na kusimama na kuondoka ndiyo foleni ya Mtwapa. Likitetemeka linapoondoka taratibu, klachi zimeanza kwisha, na bei ya kuzibadilisha haitofautiani sana na ile turbo ya mjomba.

Shangazi wa Maweni: Mwanangu, mimi nitakukopesha, lakini nataka hesabu ya mwaka mzima na si ya siku ya kununua peke yake. Oili ya sintetiki kila kilomita 5,000 na si 10,000, petroli nzuri, plagi, bima kubwa, na akiba ya shilingi 150,000 isiyoguswa. Ukinunua gari kwa pesa yote uliyo nayo, utaliegesha mlangoni litunzwe na kuku.

Mjomba wa Barani: Dada amesema kweli. Akague pia rejeta ya hewa, ile inayopoza hewa itokayo kwenye turbo, iliyo chini mbele, maana chumvi ya bahari inaitafuna, na mipira yake ikipasuka hewa huvuja na gari hupoteza nguvu, kisha fundi mvivu atakuambia turbo imekufa. Na uombe karatasi ya mnada ya Japani, uilinganishe na mita.

Mimi: Dalali anasema karatasi ilipotea. Lakini amekubali tuliwashe kesho alfajiri likiwa baridi, kisha binamu aje na mashine ya kusomea makosa.

Binamu wa Changamwe: Nitatoka Changamwe baada ya sala ya alfajiri. Mwambieni asiliguse kabla hatujafika.

*Asubuhi iliyofuata*

Mimi: Tumefika yadi saa mbili kasorobo. Nimeweka kiganja juu ya boneti, ni moto. Amesema alimpeleka mkewe stendi.

Mjomba wa Barani: Stendi ni mwendo wa dakika tano. Binamu yako atazame kipimo cha joto.

Binamu wa Changamwe: Sindano iko katikati kabisa, mjomba. Na makosa yote yamefutwa kwenye kompyuta. Mashine inaonyesha gari halijakwenda hata kilomita sita tangu yafutwe.

Shangazi wa Maweni: Pesa zangu bado ziko benki.

Mjomba wa Barani: Mwambieni kwa adabu kwamba tutarudi kesho, na kwa usiku wa leo gari lilale uani kwangu hapa Barani, ufunguo nikae nao mimi.

Mimi: Amekataa, mjomba. Tunarudi nyumbani, binamu anataka chai.