Kusoma nafasi za watoto mbele ya darasa zima: motisha au uonevu?

Mama Mdogo:
Wadau naombeni ushauri kabla sijaenda shule kuwasha moto. Binti yangu yuko darasa la sita. Juzi mwalimu wao kaingia na karatasi ya matokeo, kawasimamisha wote, akaanza kusoma kuanzia wa kwanza, ukitajwa unakaa. Wakaendelea kukaa mmoja mmoja mpaka wakabaki wawili wamesimama, binti yangu na kijana mwingine, na mwalimu akamalizia na "hawa ndo mizigo ya darasa". Tangu siku hiyo kuna kikundi kinamwita Mzigo, daftari lake wameliandika hivyo kwa kalamu isiyofutika, na asubuhi anaumwa tumbo, ikifika saa nne limepona. Baadhi ya wazazi wenzangu wananiambia hiyo ni njia ya kuwaamsha watoto. Naomba kuelewa, hii ni motisha au ni uonevu tu wenye chaki mkononi?

Jabali:
Pole ila sioni ajabu. Sisi sote tulisomewa nafasi, wa mwisho alijijua, muhula unaofuata alikaza. Maisha yenyewe ni mashindano, mnawalea watoto kama mayai halafu mnashangaa wanapasuka kwenye intavyuu ya kwanza. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Na tuache kuita kila kitu uonevu, uonevu una vigezo vyake.

Kitabu Wazi:
Mkuu Jabali vigezo vyenyewe tunavyo. Yule mtafiti wa Norway, Dan Olweus, alianza kuuchunguza uonevu wa shuleni tangu miaka ya 70 na vigezo vyake ni vitatu: mtu anakusudia kuumiza, inajirudia, na anayeumizwa hana nguvu sawa na anayemuumiza. Sasa mwalimu na mtoto wa miaka 11, nani mwenye nguvu hapo? Na matokeo yanasomwa kila muhula, hayo si marudio?

Nukta:
Olweus ni Mswidi.

Kitabu Wazi:
Kazaliwa Uswidi, kazi yake kaifanyia Bergen, Norway. Katika yote niliyoandika umeliona hilo tu?

Nukta:
Ndio. Na kigezo cha kukusudia umekiruka, thibitisha kwanza kuwa mwalimu alikusudia kuumiza.

Mwl Chaki:
Mimi ni mwalimu nasema wazi, neno "mizigo" halikupaswa kutoka mdomoni mwa mwalimu, hilo silitetei. Lakini kusoma nafasi msitubebeshe peke yetu. Siku ya kuchukua ripoti mzazi hafungui hata ukurasa wa maoni, macho moja kwa moja kwenye nafasi, "kawa wa ngapi kati ya wangapi", halafu swali la pili "wa kwanza ni mtoto wa nani". Kuna mwaka tuliandika alama tu bila nafasi, wazazi walikuja juu utadhani tumeiba. Sasa leo tena ni sisi wabaya?

Jabali:
Asante mwalimu. Na mkitaka sayansi hata sayansi iko upande wetu, kuna ule utafiti wa zamani unaonyesha presha ikiwa ndogo mtu analala, ikipanda kidogo anafanya vizuri, ule mchoro wa kilima. Mtoto bila presha hasomi, imethibitishwa.

Nungunungu:
Hahaha Jabali hicho kilima unajua kimetoka wapi? Ni Yerkes na Dodson, 1908, na waliopimwa ni panya. Panya anachagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi, akikosea anapigwa shoti ya umeme. Na utamu wenyewe umeuacha, kazi ilipokuwa rahisi shoti kali iliwasaidia, ila ilipokuwa ngumu kuvitofautisha visanduku shoti kali ikawachelewesha kujifunza. Kwa hiyo hata kwa panya hujashinda.

Jabali:
Sijazungumzia panya wala shoti, usiniwekee maneno mdomoni. Nimesema presha kidogo.

Bi Mkali:
Mnazunguka bure. Tatizo linajulikana na hakuna anayelisema, walimu wengi walikwenda ualimu kwa sababu alama za kwingine ziligoma. Mtu ambaye yeye mwenyewe hakufika alikotaka utamtegemea ajue motisha ni nini? Anamalizia hasira zake kwa watoto wa watu.

Mwl Chaki:
Bi Mkali hebu rudia hapo. Mimi nilichagua ualimu, haukunichagua. Nilipata nafasi ya kozi nyingine nikaiacha, na sitaki kuitaja isije ikaonekana najisifu. Nasahihisha mpaka usiku wa manane, asubuhi niko getini kabla ya mtoto wako, akitapika namsafisha mimi, akigombana naamua mimi, halafu unakuja hapa na kidole kimoja unaandika kwamba nilifeli. Wewe mwenyewe unafanya kazi gani tuijadili?

Bi Mkali:
Nimesema WENGI sijasema wote. Ukiona limekuuma jiulize.

Mwl Chaki:
Hiyo "wengi" umeipata wapi? Leta takwimu.

Msafiri wa Mbali:
Mimi namuunga mkono Bi Mkali, shuleni kwetu tulikuwa na mwalimu wa hesabu akishindwa swali anafuta ubao anasema "hili mtalimalizia nyumbani" 😂

Mwl Chaki:
Na fundi wako akikosea ukuta mafundi wote wanakuwa waliofeli? Mnanichosha.

Bi Mkali:
Povu hilo sasa.

Nungunungu:
Samahani nicheke kidogo. Bi Mkali umechukua alama za mtu, umezisoma mbele za watu, umemweka wa mwisho, na umeona mwenyewe motisha iliyopatikana. Komenti tatu hakuna hata moja kuhusu binti wa Mama Mdogo. Mwl Chaki ni mtu mzima mwenye mshahara na kalewa hasira, mwenye miaka 11 tunamwambia akaze.

Jabali:
Tofauti ni kwamba Bi Mkali si mwalimu wa Mwl Chaki. Mwalimu anamtakia mema mwanafunzi wake.

Bi Mkali:
Kwa hiyo Nungunungu unanifananisha mimi na huyo mwalimu aliyemwita mtoto mzigo? Hebu niheshimu kaka, mimi nimekuja hapa kumtetea huyo mtoto.

Kitabu Wazi:
Jamani tumrudie mama wa watu. Jabali hoja yako ni kwamba aibu inasukuma. Ipo kazi ya Reinhard Pekrun na wenzake, ilitoka 2017, waliwafuata wanafunzi wa Ujerumani kwenye hisabati kutoka darasa la 5 mpaka la 9. Wakaona hisia na matokeo vinasukumana pande zote mbili, aibu na wasiwasi na kukata tamaa vinashusha alama za mwaka unaofuata, na alama zikishuka zinarudi kuongeza aibu na kukata tamaa. Sasa ukimsimamisha wa mwisho mbele ya watu umemsukuma, sawa, ila umemsukumia upande gani? Na wasiwasi wa mtihani si kudeka, akili inayofanya hesabu ndo hiyohiyo inayoshughulika na "wataniona mjinga", nafasi haitoshi kwa yote mawili.

Nukta:
Hao ni wastani wa wanafunzi wengi. Wapo ambao aibu iliwaamsha.

Kitabu Wazi:
Wapo. Na wao ndo wanaokuja hapa kutusimulia. Wale walioacha shule hawaandiki komenti za "mimi ilinisaidia".

Jabali:
Basi tufanye nini, tuwape zawadi? Maana na zawadi nazo wataalamu wenu wanazikataa. Si kuna wale watoto waliochorewa sijui waliochora wakapewa cheti wakaacha kuchora?

Nungunungu:
Lepper na wenzake, 1973. Watoto wa chekechea waliopenda kuchora wenyewe bila kuambiwa. Kundi moja likaahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora, la pili likachora halafu wakashtukizwa na cheti hichohicho, la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja mbili wakawekewa kalamu za rangi mezani wakati wa kucheza na wakaangaliwa kimyakimya. Walioahidiwa walichora kama nusu tu ya wenzao. Walioshtukizwa hawakudhurika. Kwa hiyo hoja si cheti, hoja ni mtoto kuanza kuchora kwa ajili ya cheti.

Mwl Chaki:
Hilo limebishaniwa sana ndugu yangu usilisome kama msahafu. 1994 Cameron na Pierce walikusanya tafiti wakasema madhara ya zawadi yanakuzwa, 1999 Deci na wenzake wakajibu na majaribio 128 kwamba zawadi ya kuahidiwa kweli inapunguza hamu kwa kitu mtu alichokipenda tayari. Kitu alichokipenda TAYARI. Darasani kwangu wangapi wanazipenda hesabu za sehemu tayari? Huwezi kuua hamu ambayo haipo.

Nungunungu:
Hapo umenipata kidogo, ila kwa mtoto anayeichukia hesabu kumsimamisha ndo kutamleta?

Mama Mdogo:
Nawashukuru kwa elimu ya panya na ya kuchora. Nimesoma yote. Ila mwalimu kasema mara moja, hao watoto wanalisema kila siku. Leo wameliimba kwenye foleni. Niwafanye nini hao?

Jabali:
Mfundishe kujitetea. Amchague mkubwa wao ampe moja ya maana, hawatarudia.

Bi Mkali:
Halafu akifukuzwa shule utamlipia ada wewe? Kwa komenti hii Jabali nimeelewa kwa nini unapenda panya.

Jabali:
Naona leo umeamka na mimi.

Kitabu Wazi:
Mama Mdogo, usiangalie yule anayeimba peke yake, angalia waliosimama pembeni wakicheka. Christina Salmivalli wa Finland tangu 1996 anaonyesha kwamba darasani kila mtu ana nafasi yake kwenye uonevu, kuna msaidizi, kuna mshangiliaji, kuna anayejitenga, kuna anayetetea. Ule mpango wao wa kuzuia uonevu shuleni, KiVa, unafanya kazi na hao wa pembeni, na wanaombwa wanafunzi wachache wenye moyo mzuri wawe karibu na anayeonewa. Kanada nao walirekodi viwanja vya michezo kwa kamera, mtoto mwenzao alipoingilia kati, mara zaidi ya nusu uonevu ulikatika ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Tatizo ni kwamba wanaoingilia ni wachache.

Nukta:
Na mipango hii yote kwa ujumla, kwa tafiti walizokusanya Ttofi na Farrington 2011, inapunguza uonevu kwa asilimia 20 hivi. Sio muujiza.

Jabali:
Unaona? Asilimia 20, zinazobaki 80 anazimaliza nani? Ngumi.

Mwl Chaki:
Asilimia 20 kwenye shule yenye watoto mia kadhaa ni watoto, Jabali, si namba. Mama Mdogo sikiliza, usiende na moto. Omba kuonana na mwalimu wa darasa peke yake, si ofisini mbele ya wenzake, maana na yeye ukimsimamisha hadharani atajitetea tu kama mimi nilivyojitetea hapa. Nenda na daftari lenye hilo neno. Usiulize "kwa nini ulimtukana", mwambie watoto wamelipata wapi jina hili na wanalitumia vipi, umwache alione mwenyewe. Halafu muulize binti yako kimyakimya, wakiimba ni nani hachekagi. Huyo ndiye mwalimu amkalishe naye dawati moja. Akikataa kukusikiliza ndipo uende kwa mkuu wa shule na uandike barua, na barua iwe na tarehe za kila tukio.

Mama Mdogo:
Yupo mmoja hachekagi. Nilishamwuliza. Ubarikiwe mwalimu.

Jabali:
Kwa hiyo tumekubaliana kusoma nafasi si uonevu, uonevu ni wa hao watoto.

Kitabu Wazi:
Nani kakubaliana? Hilo jina watoto wamelitoa wapi?

Nukta:
Bado kukusudia hakujathibitishwa.

Mgeni Mwema:
Samahani nimechelewa, sijasoma komenti zote. Kwani walimu huwa wanasomea saikolojia kabisa au wanafundishwa juujuu tu?

Mwl Chaki:
Usianze.