Kukaza ngozi bila upasuaji: kliniki nzuri ya ngozi unaitambuaje?

Nuru_K

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kuchagua kliniki. Miaka 49, ngozi nyeusi, chini ya taya na shingoni imelegea kiasi, mashavuni kuna fila (sindano ya kujaza uso) ya mwaka jana. Kisu sitaki. Kliniki tatu zimenijibu: moja inatumia mawimbi ya sauti, ya pili mawimbi ya redio, ya tatu mawimbi ya redio yanayopitishwa kwenye sindano ndogondogo. Kila moja inasema mashine yake ndiyo bora. Niwaulize nini ili nijue yupi anaijua kazi?

TabakaLaPili

Karibu dada Nuru. Majina ya mashine yaweke pembeni kwanza, maana zote tatu zinapika kitu kilekile. Kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi, ikifikishwa nyuzijoto 60 hadi 70 hujikunja, kisha mwili huanza kutengeneza nyingine polepole. Zinapotofautiana ni kina cha joto na jinsi linavyosambaa. Mawimbi ya sauti (mashine ya Ulthera iliruhusiwa na FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, mwaka 2009 kwa kuinua nyusi, kisha 2012 kwa shingo na chini ya kidevu) huacha nukta ndogo za joto kwenye kina cha milimita 1.5, 3.0 au 4.5, na ngozi ya juu haiguswi. Hiyo 4.5 hufika kwenye utando unaofunika misuli ya uso, uleule ambao daktari wa upasuaji huuvuta. Mawimbi ya redio ya aina ya Thermage hupasha eneo zima kwa pamoja huku juu pakipozwa. Yale ya sindano hutoa joto pale ncha ya sindano ilipofika.

Sasa kliniki. Inayostahili kubaki kwenye orodha yako ni ile ambayo daktari bingwa wa ngozi mwenyewe atakushika uso kabla ya kutaja mashine yoyote, tena ukiwa umekaa. Ukilala chali, ngozi hurudi nyuma na tatizo hujificha. Ataibana ngozi ya taya kwa vidole na kuiachia aone inarudi haraka kiasi gani. Atakuambia ukaze shingo ili atazame kamba za misuli. Atapima kwa mkono mafuta yaliyo chini ya kidevu. Anafanya hivyo kwa sababu "imelegea" inaweza kuwa mambo matatu tofauti: ngozi, mafuta au msuli. Kama ni mafuta, kukaza ngozi hakutayaondoa. Kama ni kamba za misuli, dawa yake ni sindano ya botoksi, inayolegeza misuli. Na kama ngozi imezidi hadi inaning'inia, hakuna mashine itakayoirudisha, na daktari mkweli atakuambia hivyo hata kama umesema kisu hutaki.

Mwulize wazi: "Mgonjwa wa namna gani mnamkatalia?" Anayeijua kazi hatafikiri mara mbili: mjamzito, mwenye kifaa cha mapigo ya moyo, mwenye chuma mahali panapotibiwa, mwenye maambukizi au vipele vilivyowaka, anayeota kirahisi makovu ya keloidi, yale yanayovimba na kukua (hasa kwa sindano), na mwenye uso mwembamba, kwa sababu joto likipotea njia huyeyusha mafuta machache aliyonayo na kuacha mashimo. Akijibu kwamba tiba hii inamfaa kila mtu, shukuru, uondoke.

Fila usiifiche. Sema ni ya aina gani, iko wapi na iliwekwa lini. Joto likipita juu yake linaweza kuipunguza, kwa hiyo mpango wa matibabu unapaswa kuizunguka.

FundiVifaaTiba

Niongeze upande wa mitambo, maana hapo ndipo watu wengi huungua.

Omba jina kamili la mashine na namba yake ya usajili kiwandani, halafu mwulize mtengenezaji kama kliniki hiyo anaitambua. Kuna mashine nyingi za mawimbi ya sauti zinazofanana kwa umbo na zile zilizothibitishwa, lakini hazina skrini ya picha ya ndani. Anayezitumia anapiga bila kuona. Mwenye picha anaona tabaka za ngozi, anaona mfupa, na muhimu zaidi anaona kama kichwa cha mashine kimegusana vizuri na ngozi. Jeli ikipungua, hewa ikaingia katikati, nishati haishuki kule ilikokusudiwa. Hubaki juu na kuacha mistari iliyovimba au malengelenge. Omba waigeuzie skrini upande wako.

Kwa Thermage, ncha (kichwa kinachogusa ngozi) ni ya mgonjwa mmoja, kipindi kimoja, na ina chipu inayohesabu mapigo ya mashine. Kuna wanaoichezea chipu ili ncha itumike tena. Utando wake ukichakaa, upoozaji na umeme havigawanyiki sawa, na ngozi huungua hasa pembeni mwa ncha. Kwa hiyo pakiti ifunguliwe mbele yako, tarehe ya mwisho isomwe, na idadi ya mapigo iandikwe kwenye faili. Halafu kuna ile pedi ya kurudishia umeme inayobandikwa mgongoni au pajani. Ikibanduka upande mmoja, umeme wote hupita sehemu ndogo iliyobaki na hapo hapo panaungua. Mhudumu makini huikagua kabla ya kuanza, na tena katikati ya kazi.

Kwa sindano, uliza kama zimefunikwa shina lote isipokuwa ncha. Zilizofunikwa hulinda ngozi ya juu, jambo zito kwa ngozi nyeusi. Kichwa kiwe kipya, kimefungwa, hakijawahi kutumika. Oktoba 2025 FDA ilitoa tahadhari kuhusu mashine hizi baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta ya usoni na kuumia kwa neva. Teknolojia hii haijakatazwa, ila mkono unaoishika uwe wa mtaalamu wa tiba aliyefunzwa mashine hiyohiyo.

Nuru_K

Asanteni sana. Kliniki ya mawimbi ya redio imesema inaweza kunilaza usingizi kabisa nisisikie maumivu. Hiyo si ni nzuri zaidi? Na ngozi nyeusi ina hatari yake?

MuuguziWaNgozi

Dada, hilo la usingizi likatae. Kwa mawimbi ya redio, maumivu ndiyo kengele yako. Zamani walipiga mara moja kwa nguvu nyingi huku mgonjwa amelewa dawa, na baadhi walibaki na mabonde usoni. Utaratibu ukabadilika: nguvu ndogo, kupita mara nyingi, na mgonjwa anataja joto analosikia kwa kipimo cha 0 hadi 4. Aliyelala hawezi kutaja kitu. Mawimbi ya sauti yanauma kweli, hasa karibu na mfupa wa taya, na dawa ya maumivu ya kumeza kabla ya kuanza inakubalika.

Krimu ya ganzi nayo ina mipaka. Ikipakwa usoni na shingoni kote kisha ikafunikwa na nailoni kwa muda mrefu, dawa huingia kwenye damu. Ukisikia ganzi kuzunguka mdomo, masikio kuvuma au ladha ya chuma ulimini, sema papo hapo. Waulize mapema wanapaka gramu ngapi, kwa dakika ngapi, na vifaa vya dharura viko wapi.

Kuhusu rangi: tofauti na leza nyingi, mawimbi haya hayaitafuti rangi ya ngozi, na ndiyo maana yanawafaa watu weusi. Lakini joto likizidi juu, ngozi nyeusi hujibu kwa madoa meusi yanayokaa miezi. Wakikushawishi uongeze mashine ya mwanga mkali wa rangi mchanganyiko kwa ajili ya "kung'arisha", kataa. Kama ni leza, uliza urefu wa mawimbi. Nanomita 1064 ndiyo iliyo salama zaidi kwetu.

Tazama pia kama wanakuchora usoni kwa kalamu kabla ya kuanza. Ile michoro inaonyesha njia za neva, hasa ile ndogo inayopita ukingoni mwa taya na kushusha mdomo wa chini. Ikipashwa, tabasamu hupinda. Mara nyingi hurudi baada ya wiki kadhaa, lakini ni wiki ndefu.

TabakaLaPili

Picha za kabla na baada: angalia pembe ya kidevu. Kidevu kikiinuliwa sentimita mbili tu, shingo yoyote hukazika. Mwanga uwe uleule, nywele zimefungwa vilevile, uso hautabasamu. Na picha ya "baada" iliyopigwa siku hiyohiyo inaonyesha uvimbe. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi 2 au 3, na hukumu ya haki ni baada ya miezi 6. Tegemea badiliko la wastani. Uso wa miaka 30 hautarudi.

Usilipie vipindi vitatu vya mawimbi ya sauti kwa mkupuo. Kawaida ni kimoja, kisha mnasubiri na kupima upya. Vya sindano ndivyo hupangwa mara kadhaa, kwa kuachana wiki 4 hadi 6.

Kwa shida yako nilivyoielewa, na kama vidole vya daktari vitathibitisha kwamba ni ngozi na si mafuta, ningeanza na kliniki ya mawimbi ya sauti yenye picha. Namba ya usajili ya daktari ihakiki mwenyewe kwenye rejista ya madaktari. Jina la atakayeshika mashine liandikwe kwenye fomu ya ridhaa. Ukitoka, chukua nakala ya rekodi yako yenye kina, nishati na idadi ya mistari iliyopigwa kwa kila eneo, pamoja na namba ya simu inayopokelewa usiku, kwa sababu lengelenge likitokea saa nne usiku linatakiwa kuonwa usiku huohuo.