Kusita kwa Abdullah bin Rawaha pale Mu'ta, niitoe kwenye utenzi?

MkaziWaNgamiani:
Assalaam alaykum ndugu zangu, nipo Tanga hapa Ngamiani, natunga utenzi mfupi vijana wa madrasa waughani kwenye maulidi, habari ni ya Abdullah bin Rawaha r.a., yule Ansari wa Khazraj, mshairi na mpiganaji wa Badr na Uhud. Sasa nimefika vita vya Mu'ta, vya Waislamu na Warumi, mwaka wa 8 Hijria, Zayd bin Haritha kashauawa, Jaafar kashauawa, bendera imemfikia yeye, na wapokezi wanasema alisita kidogo kabla ya kushuka kwenye farasi. Mzee mmoja kaniambia nipatoe hapo, eti si adabu kumtaja sahaba akisita. Mie roho inakataa. Mwasemaje?

BintiMakorora:
Waalaykum salaam kaka. Usipatoe! Mashairi yake makali kuliko yote yako hapohapo, aliiapia nafsi yake kwamba itashuka itake isitake, akaiuliza mbona nakuona huitaki Pepo, halafu akaiambia usipouawa utakufa tu. Asiyevutwa nyuma na kitu angeigombeza nafsi ya nini? Tena aliposhuka binamu yake akamletea mfupa wenye nyama ajitie nguvu maana siku zile kapata tabu sana, kang'ata kidogo, kasikia vurumai upande wa pili, kajiambia na wewe ungali duniani, kautupa, kashika upanga kaingia mpaka akauawa. Huo ndo ubeti wa kuliza watu.

MghaniWaPangani:
Dada kasema kweli, ila mzee naye ana hoja, dawa yake ni mpangilio. Usianzie Mu'ta. Anzia Ma'an, walipotua njiani kabla ya Mu'ta, Waislamu ni 3,000 wakasikia jeshi la Warumi ni kubwa mno, wakakaa siku mbili wakishauriana wamwandikie Mtume s.a.w. barua, na aliyesimama akawaambia hicho mnachokiogopa ndicho mlichokitokea, yaani shahada, ni huyohuyo Abdullah. Msikilizaji akishajua hivyo kule kusita hakumshushi hata kidogo. Na Khaybar mbona huitaji? Alitumwa akakadirie tende, Wayahudi wa huko wakataka kumhonga mapambo ya wake zao, akakataa akakadiria kwa haki, mpaka wakakiri kwa haki hiyo ndo mbingu na ardhi zimesimama.

MkaziWaNgamiani:
Allah awalipe kheri, Ma'an inaingia leo leo. Ila kuna mtoto mmoja mdogo sana ana sauti nzuri, nampa kipande gani?

BintiMakorora:
Mpe cha Zayd bin Arqam, yatima aliyelelewa na Abdullah, walipanda ngamia mmoja kwenda Mu'ta. Usiku akamsikia mlezi wake akighani beti za kutamani asirudi nyumbani, akalia, Abdullah akamgusa na kiboko akamwambia kikuumacho nini Allah akiniruzuku shahada nawe ukarudi na kipando chote peke yako. Mtoto aghani kilio, mkubwa amjibu, kaka utaona ukumbi utakavyonyamaza.